Kwa Babu na Bibi Wakati wa Kipupwe

Familia za Kichagga zinazoishi Dar es Salaam zina ratiba moja ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: kwenda nyumbani ni Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi huo kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hufurika watu, tiketi za Moshi na Rombo huadimika, na barabara ya kutoka Chalinze hadi Himo hujaa magari madogo yaliyopakia watoto, mchele na mafuta ya kupikia. Mimi si Mchagga. Nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga, na kuolewa Kilema, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, na kwa miaka mingi niliifuata ratiba hiyo bila kuihoji kwa sababu ndivyo nilivyoikuta.

Tuliiacha si kwa hekima bali kwa kulazimika. Ofisi anayofanyia kazi mume wangu ilizuia likizo zote za mwisho wa mwaka, kwa hiyo tukaamua kuwapeleka watoto kwa babu na bibi yao wakati wa likizo fupi ya shule, ile ya kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Julai. Ndugu walitushangaa. Shemeji yangu mmoja aliuliza kama kuna msiba. Kwa mtazamo wa wengi, mtu anayepanda Kilimanjaro wakati wa kipupwe ama amefiwa ama ana kesi ya shamba.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimuliwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Himo ni zaidi ya kilomita 500, na basi linaloondoka alfajiri hufika mchana ukielekea jioni. Baada ya Segera, ambapo moyo wangu huwa unataka kukata kulia kuelekea Tanga, huja mashamba ya mkonge ya Korogwe na Mombo, kisha milima ya Usambara na ya Upare inayoandamana na msafiri upande wa kulia hadi Same na Mwanga. Watoto walikuwa na swali moja tu njia nzima: theluji iko wapi? Tulipofika njia panda ya Himo hapakuwa na mlima. Palikuwa na wingu zito la kijivu kuanzia vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, kwenda juu, na manyunyu membamba yaliyotupokea tuliposhuka kwenye gari la Kilema. Fulana walizovaa watoto kutoka mjini hazikufaa kitu, na bibi yao alifungua sanduku akatoa masweta ambayo baba yao na ndugu zake waliyavaa walipokuwa shuleni, yakiwa bado na harufu ya majani makavu ya kufukuzia nondo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba ungenieleza tatizo la ziara zetu za Desemba, yaani kwamba siku ya tatu huwa haifiki. Mwezi huo kila siku ni sikukuu. Leo ni Krismasi, kesho kuna kipaimara kwa jirani, keshokutwa harusi ya binamu, mtondo ni kikao cha ukoo chini ya mwembe, na katikati ya hayo yote mbuzi wanachinjwa, mbege inapokezanwa kwenye kata, na watoto wa watoto wanakimbizana kwa makundi kiasi kwamba babu huwauliza, “Wewe ni wa nani?” Wazee huwa wamejiandaa kwa miezi kadhaa, wanatupokea kwa kilicho bora, na sisi tunaondoka tukiamini kwamba hivyo ndivyo wanavyoishi. Kumbe tulikuwa tunaangalia meza iliyokwisha kuandaliwa.

Safari hii siku ya tatu ilifika. Jogoo alikwisha kuliwa, mtori wa wageni ulikwisha, na simu za watoto zilikuwa zimeishiwa salio la intaneti. Wakubwa wawili walikuwa wamenuna barazani. Babu yao hakuwabembeleza. Aliwapa kila mmoja kikapu kidogo chenye kamba ya kufunga kiunoni, akawaambia wamfuate chini ya migomba.

Mchumo wa kahawa upande huu wa mlima huanza kukolea kuanzia Julai na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka, ila miti ya sehemu za chini hutangulia kuiva, na ndiyo tuliyoikuta ina buni nyekundu hapa na pale. Kuchuma kahawa kwa mara ya kwanza ni kujifunza kuacha. Mtoto anataka kuvuta tawi zima kwa kiganja ili kikapu kijae, na babu anamrudisha: chuma nyekundu tu, moja moja, uizungushe kidogo mpaka itoke yenyewe, kikonyo kibaki mtini, usiguse iliyo kijani wala ile ya manjano kwa maana zamu yake inakuja. Siku ya kwanza alimwaga vikapu vyao kwenye turubai mbele yao akaanza kuchambua bila kusema neno, na rundo la zilizokataliwa likawa kubwa kuliko la zilizokubaliwa. Kesho yake hakuwa na haja ya kusema.

Kisha kazi ya jioni. Buni zilimiminwa kwenye ndoo ya maji, zilizoelea zikaenguliwa kwa sababu ndani yake hazina punje timamu, na zilizozama zikapelekwa kwenye mashine ya mkono ya kumenya. Mashine hiyo ni ya chuma, ina gurudumu lenye mpini, na ni nzito kuizungusha kuliko inavyoonekana. Binti yetu wa kwanza, ambaye nyumbani huhesabu kuosha vyombo kuwa ni adhabu, aliishika kwa zamu na babu yake mpaka giza likaingia, huku maganda mekundu yakidondokea upande mmoja na punje zenye utelezi zikiteremkia kwenye ndoo upande wa pili. Punje hizo huvundikwa, zikafunikwa kwa gunia na majani ya mgomba ili ule utelezi uoze na kuachia, na wakati wa baridi uvundikaji huchukua muda mrefu zaidi kuliko wakati wa joto. Hakuna saa inayoonyesha kwamba zimekuwa tayari. Babu alimshika mjukuu mkono, akauzamisha ndooni hadi kwenye kiwiko, akamwambia asugue. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza na kulia kama changarawe, osha.

Baada ya kuoshwa, kahawa huanikwa juu ya kichanja cha wavu kilichoinuliwa kutoka ardhini, nayo kwa siku nyingi inakuwa bwana wa nyumba. Haitakiwi kunyeshewa, haitakiwi kuachwa kwenye jua kali la adhuhuri mpaka ganda lipasuke, haitakiwi kulala bila kufunikwa. Wakati wa kipupwe, manyunyu yanapokuja na kuondoka bila kubisha hodi, lazima awepo mtu wa kuangalia wingu. Kazi hiyo alipewa kitinda mimba wetu, aliyekuwa bado mdogo mno kwa kikapu, na sijawahi kumwona akifanya jambo kwa uzito namna ile. Alikuwa akikatisha mlo kwenda kufunika. Inakisiwa kwamba kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda lake jembamba huhitaji takriban kilo 5 za buni mbichi, na watoto walipoona kile walichochuma kwa jasho kimegeuka kuwa tabaka jembamba kwenye kona ya kichanja, walikaa kimya kwa muda. Tangu siku hiyo sijasikia malalamiko kuhusu bei ya chochote kinachotoka shambani.

Ni kwenye mashine ile ndipo babu alipozungumza. Kikaoni Desemba huwa anahutubia, hazungumzi. Alipokuwa na mkono kwenye mpini aliwasimulia wajukuu zake kwamba kahawa ililetwa hapo hapo Kilema na wamisionari wa Kikatoliki mwaka 1898, kwamba baba yake alikuwa mwanachama wa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, na kwamba ada za shule za watoto wake wote zilitoka kwenye miti ile ile waliyokuwa wakiichuma. Aliwaeleza jinsi serikali ilivyovivunja vyama vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha miaka ya 80, na jinsi bei ilivyoporomoka baada ya mkataba wa kimataifa wa kugawana masoko kusambaratika mwaka 1989, hata majirani wakang'oa mikahawa na kupanda mahindi na nyanya. Yeye hakung'oa. Alipoulizwa kwa nini, alisema mzee mwenye mikahawa ana pa kwenda asubuhi. Sehemu moja ya shamba ameibadilisha akapanda miche chotara iliyotoka kwenye utafiti wa Lyamungo, inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni, na kutu ya majani, kwa sababu mgongo wake haubebi tena bomba la kunyunyizia mrututu, dawa ya kuzuia magonjwa hayo.

Mume wangu alisikiliza hayo akiwa amesimama nyuma na ndizi mkononi. Baadaye usiku aliniambia kwamba habari ya ada alikuwa anaijua kwa ujumla tu. Hakuwahi kujua ni miti ipi.

Lakini jambo zito kuliko yote halikutoka shambani, lilitoka jikoni. Binti yetu alipewa kazi ya kumpelekea bibi yake chai kila asubuhi, na katika kufanya hivyo akamwona akikata kidonge cha shinikizo la damu kwa ukucha wa kidole gumba, nusu akaimeza, nusu akairudisha kwenye karatasi. Alimuuliza bila uficho, kama watoto wanavyouliza, kwa nini anakula nusu. Bibi alimjibu kwamba nusu ni ya leo na nusu ni ya kesho, ili vidonge vifike Desemba mtakapokuja. Mtoto alikuja kuniambia akidhani ni mchezo wa bibi.

Vidonge vya shinikizo la damu haviliwi kwa kubana matumizi. Kipimo kilichoandikwa na daktari ndicho kinachokinga mishipa, moyo na figo, na anayejipunguzia mwenyewe huendelea kujiona mzima kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauumi mpaka siku unapoangusha. Mama mkwe wangu alikuwa akipata kizunguzungu na kukisingizia baridi. Tulimpeleka kupimwa siku ile ile. Mashine ilionyesha namba ambazo zilimfanya muuguzi apime tena mkono wa pili, kisha akamshauri kwa lugha yao ya nyumbani, kwa upole, lakini uso wake haukuwa wa mzaha.

Nimefikiri sana jinsi jambo hili lilivyoweza kufichika. Kila Jumapili tulikuwa tunapiga simu, na kila Jumapili jibu lilikuwa lile lile: hatujambo, mvua inanyesha, ng'ombe amezaa. Kwa simu wazee wote ni wazima. Mzazi aliyelelewa kutomlemea mwanawe hatasema kwenye simu kwamba dawa zimeisha, na Desemba hatasema pia, kwa sababu atakuwa amezungukwa na watu na ana furaha na vidonge vipya vimefika. Ni lazima mtu awepo siku ya kawaida, saa ya kawaida, na pengine awe ni mtoto mwenye kikombe cha chai ambaye hakuna anayemwonea haya.

Tulipoanza kuangalia, tuliona na mengine. Njia ya kwenda chooni ilikuwa na utelezi kila alfajiri, na babu alikuwa akiipita gizani akishika mgomba kwa mgomba. Mume wangu na binamu yake walipigilia mkono wa mbao kutoka mlangoni hadi chooni na kumwaga kokoto. Majani ya ng'ombe, ambayo huku hukatwa mashamba ya chini na kupandishwa kichwani, mama alikuwa bado anayapandisha mwenyewe. Kazi hiyo sasa tunamlipa kijana wa jirani, kiasi kisichozidi tunachotumia kwa soda za Desemba.

Sitaki mtu adhani kwamba ilikuwa ziara ya hospitali na huzuni. Watoto walikula kiburu mpaka wakakizoea, wakaenda na babu yao kusafisha mfongo siku ya zamu ya maji, wakarudi wamelowa hadi mapajani wakieleza jinsi mfereji uliochimbwa na mababu kabla ya Wajerumani unavyopita kwenye ubavu wa mlima bila bomba wala pampu. Bibi alimwita mjukuu wake wa kiume “mume wangu” kwa utani, na kila asubuhi alimdai mahari. Maneno ya Kichagga yaliwaingia bila somo, likiwemo aika, la kushukuru, ambalo kitinda mimba alilisambaza kwa kila mpita njia, hata kwa mbwa. Na theluji waliiona. Siku moja saa 12 asubuhi babu aliwagongea dirisha, wakatoka na mablanketi, na Kibo, kilele cha mlima, kilikuwa wazi kabisa juu ya migomba. Aliwaonyesha kwa fimbo mahali ambapo, alipokuwa na umri wao, weupe ulikuwa unafika. Wanasayansi wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Fimbo ya babu ilisema hivyo hivyo kwa njia fupi zaidi. Kabla ya chai kuiva wingu lilikuwa limerudi.

Jambo moja halikupata jibu, nami sioni haja ya kulipamba. Babu aliwatembeza wajukuu kwenye mpaka wa kihamba, akawaonyesha masale yaliyopandwa kama alama na ambayo hayang'olewi ovyo, kisha makaburi ya wazazi wake yaliyo ndani ya migomba, umbali wa hatua chache kutoka jikoni. Mtoto wetu wa kiume aliuliza nani ataishi hapa baadaye. Kwa mila ya hapa nyumba ya wazazi hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, naye ni baba yao mdogo, ambaye ana kazi Mwanza, mke Mwanza na kiwanja Mwanza. Babu alimtaja jina, akaangalia juu kwenye majani makavu ya mgomba uliokuwa mbele yake, akaanza kuyakata.

Tuliporudi Dar es Salaam niliandika kwenye kundi la simu la familia habari ya vidonge, bila kulaumu mtu, na majibu yalichukua muda kuja. Baadaye yalikuja kwa wingi. Tumekubaliana kwamba dawa zitanunuliwa kila mwezi kwa zamu na kutumwa kwa basi, na binti wa jirani atapiga picha ya kadi ya kliniki kila mama anapopimwa. Mvutano ulikuwa kwenye Desemba. Wifi yangu mkubwa alihisi kwamba tunataka kuiua Krismasi ya ukoo, na alikuwa na haki ya kuitetea, kwa sababu bila siku zile watoto wetu wasingewajua binamu zao hata kwa sura. Hakuna aliyetaka kuiua. Tulichoomba ni kwamba si lazima familia zote ziende kila Desemba, na kwamba kila familia ichague angalau mara moja kipindi kingine, wakati wa mchumo, wakati wa palizi au mvua za masika, na ikae mpaka ugeni uishe.

Kwa anayetaka kujaribu, gharama ni ndogo kuliko inavyofikiriwa. Tiketi hupatikana siku yoyote, hakuna sare ya kushona wala mbuzi wa kuchangia. Beba mabuti ya mpira ya saizi ya kila mtoto, masweta, tochi ya kuchaji kwa jua, na dawa baada ya kupiga simu kwa aliyeziandika, si kwa anayezitumia. Acha keki. Waeleze watoto kabla ya safari kwamba intaneti ni ya kupanda kilimani kuitafuta, na uwaache wanune. Kununa huisha kwa njaa na kazi. Wewe mwenyewe usikae sebuleni kama mkaguzi. Chambua maharage, osha ndoo, na usiulize maswali ya afya siku ya kwanza.

Mwaka huu familia ya Arusha imechukua Pasaka, ya Mwanza bado inatafakari, na sisi tumebaki na kipupwe chetu. Babu ameshapiga simu kuagiza mkasi mpya wa kupogolea, kwa kuwa wa zamani umelegea skrubu na mikahawa ya upande wa mfongo imekuwa mirefu kiasi cha kumshinda kuifikia. Amesema tulete na kikapu kidogo zaidi, maana kitinda mimba sasa amefikia umri wa kuchuma.